Mauti Haifi Peke Yake

Katika matanga ya Bungoma, iwe Kimilili, Chwele au Webuye, majibu matatu au manne kuhusu alipo marehemu hutolewa chini ya turubai moja bila mtu kushangaa. Padre humwombea pumziko la milele, kwa kuwa Wakatoliki huamini roho yaweza kuwa bado inatakaswa na kufaidika na sala za waliobaki. Mhubiri wa Kipentekoste husema kwa sauti ya juu kwamba ndugu yetu yuko na Bwana tayari. Msabato akipewa nafasi atasema amelala, hajui lolote, wala hasikii kilio cha walio kando ya jeneza, mpaka parapanda ilie. Watu wa Jeshi la Wokovu husema amepandishwa utukufuni. Na kama marehemu alikuwa mzee mwenye wajukuu na heshima, siku ya tatu baada ya mazishi huja mnenaji wa kumuse, hotuba ya kimila ya Wabukusu, fimbo mkononi, akipita huku na huku mbele ya watu walioketi kimya, akiwakumbusha walikotoka na kuwaonya kuhusu wanakokwenda. Baadaye mtoto wa ukoo huitwa jina la mzee huyo, na jamaa hujiona wamerudishiwa kitu. Hakuna anayegombana. Watu huchanga, hupika, huchimba kaburi na kurudi makwao. Lakini nyuma ya majibu hayo yote lipo swali kubwa zaidi ambalo hupita bila kuulizwa: acha aliko huyu mmoja, je, kufa kwenyewe kutakoma? Na dhambi, ambayo wahubiri wote hao husema ndiyo iliyoleta kufa, itakoma nayo, au itaendelea kuishi mahali fulani milele?

Karibu makanisa yote yanayohubiri kati ya Kitale na Bungoma yangejibu kwamba mauti itakoma. Yanatofautiana namna, hayatofautiani juu ya jambo lenyewe. Hata hivyo, ukisikiliza mahubiri mengi utaona mambo hayo mawili yametenganishwa: kuna mahubiri ya kushinda kifo na kuna mahubiri ya kuacha dhambi, kana kwamba ni habari mbili. Hoja yangu ni kwamba imani ya Kikristo haijawahi kuahidi mwisho wa mauti peke yake. Mauti na dhambi zinaisha pamoja au haziishi. Isaya, sura ya 25, anaona karamu mlimani ambapo Mungu anaimeza mauti, na papo hapo anawaondolea watu wake aibu yao. Chozi na aibu vinafutwa kwa tendo moja. Paulo, katika sura ya 15 ya barua ya kwanza kwa Wakorintho, anaiita mauti adui na kumweka mwisho katika orodha ya maadui wa Mungu, kisha anasema nguvu ya adui huyo ya kuumiza inatoka kwenye dhambi. Ufunuo, sura ya 20 na 21, unaonyesha mauti ikitupwa katika ziwa la moto, kisha mji mpya usioingiwa na chochote kichafu. Ukitoa kimoja katika maandiko hayo, kingine hakisimami.

Wazo kwamba kifo kilizaliwa na kosa halikuletwa na wamisionari. Günter Wagner, mtafiti Mjerumani aliyeishi miongoni mwa Waluhya miaka ya 1930, aliandika simulizi ya Wabukusu kuhusu mwanzo wa kifo. Jioni moja kinyonga alifika kwenye boma la mmoja wa wana wa mtu aliyeitwa Maina, akamkuta anakula nje ya nyumba, akaomba chakula. Akanyimwa. Akaomba tena, akafukuzwa. Kinyonga akawalaani watu kwamba tangu hapo watakufa, akaenda zake kwa nyoka. Nyoka akampa chakula, naye akabarikiwa aishi kwa kujivua gamba. Itazame vizuri simulizi hii. Haisemi kifo kilitokana na bahati mbaya, wala haisemi kilitoka kwa Wele Khakaba, Mungu mpaji. Kilitokana na mtu kumnyima mgeni chakula akiwa na sahani mbele yake. Ubaya mdogo kabisa, wa nyumbani, unaofanyika kila jioni, ndio uliofungua mlango. Kwa hiyo mwinjilisti aliyefika Bukusu na kitabu cha Mwanzo hakuwakuta watu wasiojua kuwa dhambi na mauti ni ndugu. Lililokuwa geni kwao ni dai kwamba laana hiyo inaweza kutenguliwa, kwani katika simulizi ya kinyonga hakuna njia ya kurudi. Nyoka amepata, sisi tumekosa, basi.

Na waliolileta dai hilo magharibi mwa Kenya walilileta kwa namna ya pekee. Mwaka 1902 Wamarekani watatu wa kanisa la Friends, yaani Waquaker, walianzisha misheni Kaimosi: Willis Hotchkiss, Edgar Hole na Arthur Chilson. Kutoka hapo kazi yao ilienea hadi Lugulu na nchi yote ya Wabukusu, na leo Kenya ina Waquaker wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Wale watatu walikuwa watu wa vuguvugu la utakatifu, walioamini kwamba mtu anaweza kusafishwa dhambi kabisa akiwa angali hai. Fundisho hilo lina mizizi ya zamani: George Fox, mwanzilishi wa Waquaker nchini Uingereza katika karne ya 17, aligombana na wahubiri wa siku zake kwa sababu, kwa maoni yake, waliwazoesha waumini kuamini kwamba watabaki watumwa wa dhambi mpaka kaburini. Mwaka 1927, chini ya mahubiri ya Chilson, watu wa Kaimosi walianza kuungama hadharani, wakalia, wakanena kwa lugha, na jambo hilo likapasua kanisa. Waliofukuzwa wakawa chanzo cha makanisa ya Roho ambayo bado yapo. Miaka michache baadaye Uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, ulienea Uganda na Kenya, nao ukafundisha tofauti kidogo: dhambi huungamwa leo, kesho na keshokutwa, mbele ya ndugu, kwa sababu moyo huchafuka tena.

Nawaheshimu watu hao, kwa kuwa walikataa kufanya mapatano na dhambi. Lakini maisha yao yenyewe yanaonyesha mpaka wa fundisho lao. Chilson alifia Burundi mwaka 1939, akiwa katika kazi ya misheni mpya. Watakatifu wote wa Kaimosi na Lugulu wamezikwa. Kama dhambi ndiyo iliyoleta mauti, na kama kweli ilikuwa imekwisha ndani yao, mauti ilikuwa na haki gani juu yao? Jibu ninaloona lina uzito ni kwamba dhambi haikai moyoni mwa mtu mmoja mmoja tu. Imo katika mashamba yaliyochukuliwa kwa nguvu, katika sheria zilizoandikwa na waliochukua, katika visasi vya koo, katika hongo ambayo hata mtu mwema hulazimika kuitoa ili mtoto atibiwe. Mtu anaweza kusafishwa moyo na bado akaishi ndani ya ulimwengu uliopinda, akapumua hewa yake, akafa kwa magonjwa yake. Kwa hiyo utakatifu wa mtu ni mwanzo wa kukoma kwa dhambi, si kukoma kwenyewe. Paulo mwenyewe, katika sura ya 8 ya barua kwa Warumi, hawaachi waumini peke yao. Anaviingiza viumbe vyote, vikiugua na kungoja.

Kungoja ndiko kunakochosha, na ndiko kulikozaa wale wanaosema muda umeshafika. Huko Chemororoch, Uasin Gishu, si mbali na Kitale, Jehova Wanyonyi aliongoza kwa miaka mingi kundi lililojiita Waisraeli Waliopotea, akisema yeye ndiye Mungu. Mwaka 2015 habari za kifo chake zilipotangazwa, baadhi ya wafuasi walikana kabisa kwamba amekufa. Upande wa Bungoma, Mei 2023, polisi walimkamata mhubiri anayejulikana kama Yesu wa Tongaren, akafikishwa mahakamani, kisha akaachiliwa. Wengi waliwacheka wafuasi wa watu hao. Mimi sioni cha kucheka. Mtu anayekataa kuamini kwamba kiongozi wake amekufa anaonyesha njaa ya kweli, njaa ile ile iliyowaleta jirani zake kanisani. Kosa liko mahali pengine, nalo ni la zamani. Waraka wa pili kwa Timotheo unawataja Himenayo na Fileto, waliofundisha kwamba ufufuo umeshapita, wakaipindua imani ya baadhi ya watu. Kipimo cha fundisho la namna hiyo ni rahisi. Ukiambiwa mauti imeshindwa katika mtu mmoja, tazama kama dhambi nayo imekoma karibu naye. Tazama kama maskini wa kijiji chake wameacha kuonewa, kama wajane hawalii tena, kama watu wanaacha milango wazi. Ufalme ambao mauti imekoma kwa mmoja huku dhambi ikiendelea kwa wote si ule uliohubiriwa na mitume.

Mkasa wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, unaonyesha mtengano huo kutoka upande wa pili, na matokeo yake yalikuwa ya kutisha kupita kiasi. Tangu Aprili 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni. Waendesha mashtaka wanadai kwamba waumini wa mhubiri Paul Mackenzie walihimizwa kufunga mpaka wafe ili wakutane na Yesu kabla ya mwisho wa dunia. Yeye ameyakana mashtaka, na mahakama ndiyo itakayoamua. Bila kuiingilia kesi, tunaweza kulipima fundisho lenyewe. Linasema dunia imejaa dhambi, basi ikimbie kwa kupitia mauti. Hapo mauti imegeuzwa rafiki, mlango, hata sakramenti. Hakuna mahali Agano Jipya linapomkaribisha adui huyo. Yohana, sura ya 11, anasimulia kwamba Yesu alipokuwa akielekea kwenye kaburi la Lazaro alilia, ingawa alijua kwamba baada ya muda mfupi atamwita atoke. Mwenye uwezo wa kulifungua kaburi hakulifurahia kaburi. Mama wa Kikristo anayemlisha mtoto mwenye utapiamlo katika wodi ya Kitale yuko karibu zaidi na imani ya ufufuo kuliko mhubiri yeyote anayefundisha watu kufa.

Sasa tufike kwenye fundo gumu kuliko yote, ambalo Wakristo wenyewe hawajalifungua kwa karne nyingi. Tuseme siku ya hukumu imefika, wafu wamefufuka, wema wameingia katika mji mpya. Waovu je? Fundisho la wengi, tangu Augustino wa Hippo katika karne ya 5, kupitia Kanisa Katoliki na Waprotestanti wengi hadi makanisa ya Kipentekoste ya leo, ni kwamba wataadhibiwa bila kikomo, wakiwa na fahamu zao. Lakini mtu anayeteseka milele huku amemkataa Mungu bado ni mwenye dhambi, na chuki yake bado ni dhambi. Basi dhambi haijakoma, imehamishwa. Mkulima wa Trans Nzoia anayeng'oa magugu na kuyarundika mabichi kwenye mpaka wa shamba la mahindi hajamaliza palizi. Wasabato, ambao walianza kazi yao Kenya huko Gendia mwaka 1906, wameliona tatizo hili waziwazi kiasi kwamba kati ya mambo 28 ya msingi wanayoyaamini, la 27 linazungumzia miaka elfu na kukoma kwa dhambi. Kwao, moto wa mwisho huteketeza. Waovu hawatakuwepo tena, wala dhambi haitakuwa na mtu wa kukaa ndani yake. Mashahidi wa Yehova nao husema waovu wataangamizwa wasiwepo tena, na wengi wa waaminifu wataishi katika paradiso hapa hapa duniani. Kwa upande mwingine kabisa, Origeni wa Aleksandria, katika karne ya 3, alifikiri kwamba mwishowe viumbe vyote vyenye akili vitarejea kwa Mungu, na Gregori wa Nisa baada yake alikuwa na tumaini linalofanana na hilo. Mwaka 553 mafundisho yaliyohusishwa na Origeni yalilaaniwa, lakini tumaini lenyewe halikuzimika. Wakatoliki na Waorthodoksi kadhaa wa karne iliyopita walilirudia, angalau kama jambo la kuombea.

Anayetetea adhabu isiyokoma ana andiko kubwa mkononi. Katika Mathayo 25, Yesu anaweka adhabu ya milele na uzima wa milele sambamba, na ukifupisha kimoja unaonekana umefupisha kingine. Sitaki kulipuuza andiko hilo. Hata hivyo adhabu yaweza kuwa ya milele kwa sababu hukumu yake haitenguliwi kamwe, si lazima kwa sababu mateso yake hayana mwisho. Aliyenyongwa hafi kila siku, lakini adhabu yake haina rufaa. Na Ufunuo wenyewe unaliita ziwa la moto mauti ya pili, jina ambalo halilingani vizuri na maisha yasiyokoma, hata yakiwa maisha ya uchungu. Zaidi ya yote, Paulo, katika hoja yake kuhusu ufufuo, anasema kwamba shabaha ya yote ni Mungu awe yote katika wote. Sioni jinsi hilo linavyotimia kama kuna pembe moja ya ulimwengu ambako anatukanwa bila kikomo. Kwa hiyo kati ya majibu mawili yanayoiondoa dhambi kweli, yaani waovu kukoma au waovu kurejeshwa, naegemea la kwanza, kwa kuwa Biblia inalisema mara nyingi zaidi na kwa lugha iliyo wazi zaidi. La pili ninaweza kuliombea. Lile la tatu, la gereza la milele, naliona linaacha ahadi nusu.

Msomaji makini atauliza: hata kama dhambi ikikoma, itazuiwa na nini isirudi? Malaika, kwa mapokeo ya Kikristo, walianguka wakiwa mbinguni. Adamu alianguka akiwa bustanini. Kuwa mahali pema hakukuwalinda. Origeni alilibeba swali hili kwa uzito mkubwa, na wapinzani wake walimlaumu kwamba kwa fundisho lake roho zingeweza kuanguka na kuinuka bila mwisho. Augustino, katika sehemu ya mwisho ya kitabu chake kuhusu Mji wa Mungu, alitoa jibu ambalo bado naliona bora: uhuru wa Adamu ulikuwa wa kuweza kutotenda dhambi, lakini uhuru wa mwisho utakuwa wa kutoweza kutenda dhambi, nao ni uhuru mkubwa zaidi, kama Mungu mwenyewe alivyo huru ingawa hawezi kutenda uovu. Anayesema kwamba huo ni utumwa afikirie mzazi mwema. Hawezi kumtia mtoto wake sumu. Siyo kwamba amefungwa, bali upendo umekomaa ndani yake mpaka njia hiyo haipo tena. Wasabato huongeza kwamba historia nzima ya dhambi, ikiwa imeonekana mpaka mwisho, itawafanya viumbe wasiitamani tena. Jibu hilo nalo lina nguvu yake, ila peke yake linategemea mno kumbukumbu. Tunajua jinsi watu wanavyosahau vita vya jana.

Kusahau kunaleta pingamizi ambalo Mlima Elgon unalipaza kuliko mahali popote. Kati ya mwaka 2006 na 2008, ugomvi wa ardhi wa mpango wa makazi wa Chebyuk ulizaa kundi la SLDF, yaani Sabaot Land Defence Force, ambalo liliua mamia ya watu, likawakata wengine masikio na kuwafukuza maelfu, wengi wakakimbilia miji ya Bungoma na Trans Nzoia. Machi 2008 jeshi liliingia kwa operesheni iliyoitwa Okoa Maisha, na mashirika ya haki za binadamu yakaripoti mateso na watu kupotea mikononi mwa wanajeshi pia. Kuna familia ambazo hazijazika mpaka leo kwa kuwa hazikupata mwili wa kuzika. Ukiiambia familia kama hiyo kwamba siku moja dhambi itafutwa isiwepo tena, ina haki ya kuuliza: pamoja na ushahidi? Kama kukoma kwa dhambi maana yake ni kufuta daftari, basi muuaji ameshinda mara mbili. Hapa ndipo Papa Benedikto XVI, katika waraka wake wa Novemba 2007 kuhusu tumaini, alitoa mchango ambao hata asiye Mkatoliki anapaswa kuupokea. Alisema haki ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote ya kuamini uzima wa milele, kwa sababu historia haiwezi kamwe kuwalipa waliokufa wakionewa. Akaongeza kwamba neema haifuti haki, na kwamba watenda maovu hawaketi karamuni kando ya waathiriwa wao kana kwamba hapakutokea kitu. Kwa maneno mengine, hukumu si kizuizi kwenye njia ya mwisho wa dhambi. Ndiyo njia yenyewe. Dhambi isiyotajwa kwa jina mbele ya aliyetendwa haijakoma, imefichwa tu. Na ndiyo sababu ufufuo unahitajika: bila wafu kuinuka, mashahidi wakuu hawapo mahakamani.

Lipo pingamizi la elimu, nalo ni la haki. Ukitoka Kitale kwa barabara ya Lodwar unaelekea nchi ambako mwaka 1984, huko Nariokotome, Kamoya Kimeu alipata mabaki ya yule aitwaye Kijana wa Turkana, aliyekufa miaka milioni moja na nusu iliyopita. Wanyama walikufa mamilioni ya miaka kabla yake. Mwalimu wa biolojia atasema kifo kilikuwepo kabla ya dhambi yoyote, hivyo hoja nzima inaanguka. Naona haianguki, ila inamlazimu Mkristo aseme vizuri anachoamini. Paulo hakuandika historia ya mifupa. Anazungumza juu ya mauti kama utawala, kitu kinachotutisha, kinachotufanya tuibe, tudanganye na tuue ili tusife sisi kwanza, na kinachotutenga na Mungu. Utawala huo unamhusu kiumbe anayejua kwamba atakufa na anayejua alilolitenda. Wala tumaini la kuukomesha halikujengwa juu ya tarehe ya kifo cha kwanza. Lilijengwa juu ya dai kwamba mtu mmoja aliyezikwa nje ya Yerusalemu alifufuka, dai ambalo Paulo aliwaandikia Wakorintho takriban miaka ishirini na kitu baada ya tukio, akisema wengi wa mashahidi bado wako hai. Alikubali wazi kwamba kama Kristo hakufufuka, imani yote ni bure. Hilo si thibitisho la maabara. Lakini ni dai linalokubali kuhojiwa, na linamwonyesha mpinzani mahali pa kupiga.

Limebaki lalamiko ambalo Elijah Masinde wa Kimilili angelitoa kwa nguvu kuliko mwanafalsafa yeyote. Alilelewa katika kanisa la Friends, akaliacha, akaongoza Dini ya Msambwa, akawataka wazungu waondoke nchini, wakati ambapo mashamba makubwa kuzunguka Kitale yalikuwa ya walowezi na Wabukusu walikuwa vibarua juu yake. Februari 1948 polisi waliufyatulia risasi umati wa wafuasi huko Malakisi, watu 11 wakafa, na dini hiyo ikapigwa marufuku. Kwa watu kama yeye, habari za mbingu isiyokuwa na mauti zilionekana dawa ya kumlaza mwenye shamba wakati shamba linachukuliwa. Lalamiko hilo lilikuwa na ukweli mwingi, na mahubiri mengi ya matanga bado yanalistahili: ya mhubiri anayemwambia mjane kwamba mumewe yuko mahali pema, akapokea bahasha yake na kuondoka, huku shemeji za mjane huyo wakipima ardhi. Lakini mahubiri hayo yanakosea kwa sababu yametoa dhambi kwenye habari na kubakiza mauti. Ukiamini kwamba zote mbili zitaondolewa pamoja, huwezi kumfariji mjane kuhusu kaburi ukanyamaza kuhusu shamba. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zilipotapakaa, Waquaker wa magharibi mwa Kenya waliunda vikundi vya amani, wakaenda kwenye kambi za wakimbizi na baadaye Mlima Elgon, wakawaketisha pamoja watu waliochomeana nyumba, wasemeshane ana kwa ana kuhusu kilichotendeka. Hawakudai kwamba wanakomesha dhambi wala kwamba wanafufua mtu. Waliwauliza watu nani alimfanyia nani nini, wakangoja jibu, na kazi hiyo katika vijiji vya Cheptais na Kopsiro haijaisha.